Chini ya Kila Kadi

Mtu huja na haja moja.
Hupanda ngazi za mbao zinazolalamika,
hapa Kutaisi, juu ya duka la fundi viatu,
hupukuta theluji mabegani, husema:
Nataka sosi ya plamu. Ile chachu. Basi.

Hiyo "basi" ndiyo Mzevinari aipendayo.
Hajibu. Anavuta droo.
Humo wamelala wapishi wa mitaa mitatu,
kadi elfu mbili na ushei,
nyingine zimelowa mafuta hadi zinapitisha mwanga,
moja imeungua pembe,
moja ina alama ya meno ya mtoto.

Plamu mbichi, kitunguu saumu, mnanaa wa porini,
pilipili "kadiri ya hasira zako".
Na chini kabisa, kwa wino wa kijani,
mwandiko wake mdogo, sisimizi waliojipanga:
Imebaki sosi? Kuna kuku anaitafuta. Droo ya saba.

Hakuanza hivyo.
Zamani aliujaza mgongo wa kadi orodha,
tazama hiki, tazama na kile, vyakula ishirini,
na watu wakashukuru, wakaenda zao, wasirudi.
"Ukimwonyesha mgeni milango kumi," aliniambia,
"atatokea ule ule alioingilia."
Siku hizi ni mlango mmoja,
nao hauweki popote tu:
huuweka pale mkono unapokuwa mtupu,
unga umefunikwa, unaumuka,
mpishi amekaa, hana la kufanya ila kusoma.

Novemba alikuja Malkhazi, fundi wa lifti,
grisi kwenye kucha, haraka usoni.
Maharage mekundu: yalowekwe saa ngapi?
Hilo tu. Gari nimeliacha linanguruma.
Akapewa kadi.
Jumanne akarudi, maana chini paliandikwa
haya bila mkate wa mahindi ni yatima.
Mkate ukamtuma kwa jibini.
Jibini halikumtuma kwenye droo, lilimtuma sokoni,
kwa mama wa meza ya mwisho, mwambie nimekutuma mimi.
Gari akawa analizima.

Machi, siku ya mvua ya mawe,
aliomba majani ya bitiruti yaliyopondwa na jozi.
Alisimama na kadi hiyo mpaka nikaacha kufagia.
"Mwandiko huu," akasema. "Herufi hii yenye mkia."
Ulikuwa wa shangazi yake, Naziko,
aliyemlea kwa soseji za kibandani na mkate wa dukani,
aliyeapa maisha yake yote kwamba hajui kupika.

Ponda jozi mpaka zitoe mafuta. Chumvi. Halafu

na hapo kadi inakwisha. "Halafu" isiyo na nukta.
Chini hakuna wino wa kijani.

"Hiyo sikuiandikia," Mzevinari akasema.
"Sikujua inaelekea wapi."
Akamsukumia kalamu juu ya meza.

Hakuandika.
Aliitia mfukoni, kalamu pamoja na kadi, akashuka.
Tulizisikia ngazi, kisha kimya;
gari lilichukua muda mrefu kuwaka.

Leo ni siku ya kumi na moja. Tunatumia wino wa bluu.
Mzevinari hana wasiwasi,
ile droo ameiacha wazi, upana wa kidole.
Nami sina la kumshauri:
nilipanda hapa kuulizia supu ya viazi,
nusu saa, nilisema, basi,
na huu ni mwaka wa tisa.